Kwa fundi wa pley pale Kadutu, baada ya miaka mitatu

Wateja wangu huniuliza nikiwa nawapima mabega: Mama, pley ya watoto wako ulipeleka wapi ikapona? Pley ni PlayStation, mashine ya michezo ya video. Nimeeleza sana kwa mdomo, tena nusu nusu, kwa sababu mtu mwenye haraka ya kikwembe (kitenge) chake huwezi kumpa habari yote. Habari yote ni hii.

Mimi ni mshonaji hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nafanya kazi Nyawera, nina cherehani mbili na msichana mmoja ninayemfundisha. Nyumbani nina mvulana wa miaka 14 na binti wa miaka 10. Michezo ya video siijui kwa kusimuliwa. Tulipokuwa tunakaa Bagira, yaya yangu, yaani mkubwa wangu, alipata pley ya kwanza kabisa, ile ya kijivu, na kwenye Tekken, mchezo wa kupigana, nilikuwa namshinda mpaka anaficha maneti, vile vishikio vya kuchezea, chini ya godoro. Nikisema huyu fundi anajua kazi, ninajua ninachosema.

Ukipanda kutoka Nyawera kwenda Kadutu, kabla hujaingia kwenye msongamano wa soko, utaona mlango wa bluu uliochorwa maneti kwa rangi nyeupe. Hakuna kibao kingine. Ndani kuna televisheni nne, mabenchi, betri za gari zilizofungwa kwenye paneli ya jua, na meza yake ya kazi dirishani yenye harufu ya risasi ya kuchomelea. Mvua ikishuka, bati hupiga kelele hadi watoto wanacheza kwa macho tu. Nusu saa ya kucheza ni faranga 500. Kopi ya mchezo kwenye disiki yako ni faranga 3,000, na ile mikubwa ya jigabaiti 50 kwenda juu ni 6,000. Kufungua PS3 (pley ya tatu), yaani kuifanya ikubali michezo ya kopi, alinitoza dola 10 mwaka 2022, na PS4 dola 20 miaka miwili baadaye.

Kinachonifanya nimsifie kabla ya yote ni kwamba hali feza ya mtu bure. Juni 2024 nilinunua PS4 ya okazi, iliyokwishatumika, kwa jirani aliyekuwa anahamia Kinshasa. Dola 130, nikalipa kwa awamu tatu, na awamu ya mwisho ilikuwa magauni mawili niliyomshonea mke wake. Tulipofika kwa fundi tulimkuta kijana mmoja mbele yetu amebeba yake kwenye gunia. Fundi aliiwasha, akaingia kwenye mipangilio, akasoma namba ya programu, akaizima.

"Mdogo wangu, hii iko 11.50. Siiwezi. Usimpe mtu mwingine feza akudanganye, hata yeye hataiweza."

Kijana akabembeleza, akatoa noti. Fundi akaikunja, akairudisha mkononi mwake. Yetu ilikuwa 10.50, na kwa wakati ule mwisho wa uwezo wake ulikuwa 11.00. Mjini hapa wapo ambao wangeipokea ile noti, wakakaa na mashine wiki mbili, halafu wakasema imeungua.

Kwa nini 11.00? Nilimuuliza, naye akanieleza taratibu, kama ninavyomweleza mteja kwa nini kitambaa fulani hakikubali marinda. PS4 imejengwa juu ya programu iitwayo FreeBSD. Katika sehemu ya kuongea na mtandao kwa waya kulikuwa na tundu ambalo wataalamu wa FreeBSD walilijua tangu 2006, na ndani ya PS4 likabaki bila kuzibwa. Mwaka 2024 mtaalamu wa usalama Andy Nguyen alionyesha jinsi tundu hilo linavyoifungua mashine. Alikuwa ameshawaarifu Sony, watengenezaji wa pley, nao walikuwa wameliziba katika programu zilizokuja baada ya 11.00. Mashine iliyojisasisha imezibwa, ambayo haijaona intaneti siku nyingi bado iko wazi. Na huku kwetu, ambako kusasisha mashine kunamaliza mega za wiki nzima, pley nyingi zilikuwa wazi na wenyewe hawajui.

Lakini kufungua huko hakudumu. Ukizima mashine kabisa, ukiiwasha imejifunga tena. Penye umeme wa saa 24 huenda hilo ni jambo dogo. Kwangu umeme unaweza kwenda na kurudi mara tatu kabla bugali haujaiva, na kila ukienda, kraki, yaani kule kufungua, imekufa. Mwezi wa kwanza kijana wangu aliibeba pley mgongoni kwenda Kadutu mara sita, faranga 1,000 kila safari, bila kuhesabu nauli ya motari (pikipiki) siku za matope. Mara ya sita fundi hakupokea kitu. Akaniambia kuna kadi ndogo ya kielektroniki, pana kama vidole viwili, inayochomekwa kwenye tundu la waya wa mtandao na kuifanya ile kazi yenyewe kila mashine inapowaka. Dola 25, huagizwa kutoka Kampala. Nilikasirika kwamba hakusema tangu siku ya kwanza. Akasema alikuwa nayo moja tu, na ndiyo iliyokuwa ikilisha televisheni zake nne, akiitembeza kutoka moja hadi nyingine kila umeme unaporudi. Nilimwona akiitembeza, nikamwamini. Yetu inafanya kazi hadi leo. Hukaa dakika moja au mbili, mara nyingine inakataa, unarudia.

Mama mmoja tunayesali naye aliposikia haya aliniambia ninalea wezi. Neno hilo nimelichambua siku nyingi nikiwa kwenye cherehani, maana ndiko ninakofikiria karibu kila kitu. Cherehani yangu kubwa ni Singer ya chuma niliyoachiwa na marehemu mama mkwe. Nimeifunga mota, nimebadilisha gurudumu, natia uzi ninaoutaka. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nikifungua kifuniko chake nimemkosea aliyeitengeneza. Pley nayo nimeilipia, imekwisha kuwa yangu, na kuifungua sitakubali kuitwe wizi.

Mchezo ulio ndani ndio unaonipa shida. Mteja akija na picha kwenye simu, "Mama, nifanyie kama hii," ninamfanyia, kwa sababu saa ninazokaa juu ya kile kitambaa ni zangu na ananilipa. Lakini yuko mmoja aliyechukua gauni la send-off limekwisha, limepigwa pasi, akasema atalipa kesho. Ilikuwa Desemba 2021. Bado ninakumbuka rangi ya uzi. Kopi ya mchezo ni gauni la namna hiyo: kuna mtu alikesha, na kazi yake imetoka mlangoni bila yeye kupata kitu. Sheria yetu ya haki za watunzi, ya tarehe 5 Aprili 1986, iko upande wake. Mimi pia niko upande wake.

Basi kwa nini bado naenda Kadutu? Kwa sababu nililijaribu duka lenyewe, na nataka wanaotushutumu wajue nilichokutana nacho huko.

Mchezo mpya wa PS3 uliuzwa dola 60 mashine hiyo ilipotoka mwaka 2006. PS5 ilipofika mwaka 2020, michezo mikubwa ikawa dola 70. Mwaka 2025 Nintendo, kampuni nyingine ya michezo, wakauza mchezo wa Mario Kart World dola 80. Gauni la kikwembe la kawaida nalishona kwa dola 12. Kwa mchezo mmoja wa dola 70 natakiwa nishone magauni sita, na feza yote iende huko, asile mtu, asilipiwe mtoto shule, nisinunue hata uzi wa kushonea la saba. Na kampuni hizi zinafahamu kwamba mifuko ya watu hailingani. Kwenye Steam, duka la michezo ya kompyuta la intaneti, India wana bei kwa rupia na Afrika Kusini kwa randi, na mara nyingi ni nafuu kuliko ya Marekani. Argentina na Uturuki walikuwa na bei kwa pesa zao mpaka Novemba 2023, zikageuzwa dola, lakini hata dola hizo zimepangwa kwa ajili ya ukanda wao. Sisi tunaonyeshwa dola, na bei ni ile ya Marekani. Mtu wa Kadutu na mtu wa Chicago wanasimama mbele ya namba moja.

Duka la PlayStation lilinikatisha tamaa kuliko yote. Ukifungua akaunti unaambiwa uchague nchi, na Kongo haimo. Tulishusha orodha, tukaipandisha, tukatafuta kwa majina yote mawili, Kongo na Zaire. Kijana wangu, wakati ule ana miaka 13, akaniangalia: "Mama, tuweke Ufaransa?" Nikakubali, na hadi leo sijapenda kwamba nilikubali. Mtoto niliyemchapa kwa kudanganya alama za shule aliandika mbele yangu kwamba anakaa Paris, ili tu aruhusiwe kutoa feza. Na haikusaidia. Ilipofika zamu ya kadi ya malipo, ikakataliwa kwa sababu si ya Ufaransa.

Halafu watu husema tunaiba kwa mazoea. Mei 2024 ulitokea mgogoro wa mchezo uitwao Helldivers 2. Watu walikuwa wameshaununua kwenye kompyuta, kwa feza yao halali, ndipo Sony wakatangaza kwamba kila mchezaji lazima awe na akaunti ya PlayStation. Mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 ambako akaunti hiyo haifunguliwi. Wachezaji wa dunia nzima walilalamika hadi sharti likaachwa. Nilipoisoma habari hiyo niliihesabu nchi yangu humo, nikaelewa kwamba hata mwenye feza mkononi tayari anaweza kurudishwa nyuma kwa sababu ya mahali alipo.

Kuna jambo jingine linaniuma, nitalisema kwa ufupi. Mwishoni mwa mwaka 2000, bei ya koltani ilipopaa, mjomba wangu aliacha chaki akaenda kuchimba Numbi, kule Kalehe. Alirudi na kifua kibovu na redio moja. Koltani ndiyo inayotoa tantali, na tantali huwekwa kwenye vile vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na ndani ya pley. Sisemi jiwe lake limo kwenye mashine yangu. Lakini Kongo inajulikana vizuri sana kwa wanaonunua mawe, na ninapoitafuta kwenye orodha ya wanaoweza kununua mchezo, mjomba wangu huja kichwani.

Narudi kwa fundi. Anastahili lawama pia, na lawama kubwa ni ya mwaka 2023. Alinitilia michezo miwili kwenye kompyuta ya okazi ya nyumbani. Kwenye kopi za namna hiyo huja maelezo yanayokuambia uzime kwanza programu ya kulinda kompyuta, ndipo kraki ikubali. Akaizima. Siku ya tatu feni ya kompyuta ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga hata hakuna anayecheza, na mafaili yalikuwa hayafunguki. Kumbe ndani ya kopi kulikuwa na kitu kingine kimejificha. Alisafisha mashine bure, alikaa nayo siku mbili, aliomba radhi mara nyingi. Ila picha za mishono yangu ya miaka miwili zilipotea, pamoja na vipimo vya wateja nilivyokuwa nimeanza kuvihamisha kutoka daftarini. Vipimo nilivirudia mtu mmoja mmoja. Wengine walikuwa wamenenepa, wengine wamekufa. Tangu siku hiyo anajaribu kila kopi kwenye kompyuta yake ya pembeni kwa wiki nzima kabla ya kumpa mteja, na kazi za cherehani sizichanganyi tena na michezo ya watoto kwenye mashine moja. Nakuomba nawe usichanganye.

Vijana wanacheza mpira wa kwenye pley kwa kuwekeana feza pale ndani, nalo silipendi. Nimemwambia. Anasema akiwakataza watahamia kwa mwingine. Lakini mtoto mwenye sare ya shule hamruhusu kuingia kabla ya saa saba mchana, na hilo nimelishuhudia akimrudisha mtoto wa mtu mwenye cheo.

Pale kwenye mabenchi ndipo watoto wanapofundishwa habari za wadukuzi, na huwa natulia kusikiliza nikiwa nasubiri kopi. George Hotz ndiye shujaa wao. Kijana wa Marekani aliyeifungua iPhone mwaka 2007 akiwa na miaka 17, kisha Januari 2011 akatangaza ufunguo mkuu wa PS3. Sony wakamshtaki mwezi huo huo, na kabla ya nusu ya mwaka wakapatana nje ya mahakama. Wakifika hapo vijana hupiga makofi. Mimi huwaomba wamalizie, maana Aprili ya mwaka ule ule wadukuzi wengine waliingia kwenye mtandao wa PlayStation wakachukua habari za akaunti karibu milioni 77, na mtandao ukafungwa zaidi ya wiki tatu. Walioumia ni wateja waliokuwa wamelipa. Majina yao, anwani zao. Nawauliza vijana: huyo aliyefungua mashine yake mwenyewe na huyu aliyeingia kwenye nyumba za watu, mnawaitaje kwa jina moja?

Fundi mwenyewe haongei sana juu ya wadukuzi. Siku moja tu alinionyesha habari ya Gary Bowser, Mkanada aliyekuwa kwenye kundi la Team Xecuter, waliokuwa wanauza vifaa vya kufungulia mashine za Nintendo. Alikamatwa mwaka 2020, na Februari 2022 mahakama ya Marekani ikampa kifungo cha miezi 40. Juu yake madeni: dola milioni 4.5 katika kesi ya jinai, milioni 10 katika ile ya madai. Fundi aliitazama ile namba muda mrefu. "Mama, hii wanalipaje?" Sikuwa na jibu. Nilimwangalia na ile pasi yake ya kuchomelea, betri zake za gari, mke wake anayeuza sambaza kavu, visamaki vya ziwani, pale nje, nikamwonea huruma. Michezo ninayoijua mimi imewatajirisha waliokuwa matajiri tayari, na sioni faranga 3,000 zake zimemnyima nani chakula. Ila kuna mtengenezaji mmoja ambaye sikuweza kumsemea hivyo.

Mchezo wake fundi aliutia kwenye kompyuta yetu mwaka jana, bila kuombwa, kama nyongeza: Stardew Valley. Unapewa shamba la babu lililojaa magugu, unalima, unamwagilia, unavua samaki, unasalimiana na wanakijiji. Binti yangu, ambaye michezo ya kupigana humchosha, aliushika akauganda. Aliniuliza kwa nini kwenye lile ziwa hakuna sambaza. Jioni nilikuwa namaliza upindo kwa mkono nikiwa nimekaa karibu yake, yeye ananiuliza, "Mama, tupande nini?", na mimi ninajibu kwa dhati kabisa kana kwamba ni shamba letu la Walungu. Katika miezi ile mibaya ya vita hicho ndicho kitu kilichokuwa kinatulaza.

Kisha nikataka kujua ni kampuni gani iliyoutengeneza. Ni mtu mmoja. Eric Barone, wa Marekani. Picha, muziki, maneno, programu, yote kwa mkono wake, zaidi ya miaka minne peke yake, mpaka ukatoka Februari 2016. Bei ni dola 14.99. Nilimfikiria yule mwanamke wa Desemba 2021 na gauni langu, na safari hii aliyetoka mlangoni bila kulipa nilikuwa mimi.

Dola 15 ninaziweza. Ni gauni moja na kitu. Tatizo likawa njia ya kuzifikisha. Kadi ya malipo niliyoifungua kwa simu ilikataliwa mara mbili, na kila mara makato yakaenda na hayakurudi. Kadi ya benki nilikuwa nayo, lakini vita vilipoingia mjini Februari 2025 benki zilifunga milango na kadi ikabaki plastiki kwenye droo. Mwishowe nilimwandikia mdogo wangu anayekaa Ubelgiji. Yeye ndiye hutuma feza ya dawa za mama yetu. Akaununua ule mchezo, akautuma kwetu kama zawadi, na mimi nikapanda Bagira na dola 15 mkononi nikampa mama. Nikamwambia ni ya dawa, binti yako wa Ulaya ameleta. Mama akaifunga kwenye ncha ya kikwembe, akamwombea baraka mwanawe.

Mchezo wenyewe haufiki jigabaiti moja, lakini kwa mtandao wetu ulishuka kwa siku mbili. Ulikuja na toleo la 1.6, lililotoka Machi 2024 na wanunuzi wote wakapewa bure, ambalo kopi yetu haikuwa nalo. Binti alikuta mambo mapya kwenye shamba lile lile, kwa sababu fundi alimhamishia shamba lake la zamani kutoka kwenye kopi, kuku wote na ng'ombe wote wakiwa hai. Kazi hiyo hakuitoza. Nilidhani angechukia kwamba nimenunua kwingine. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, nililipaje.

Nikamwambia, na nikamwomba kitu. Kwamba kwenye ukuta, pale anapobandika orodha ya michezo, aandike karibu na huo mmoja kwamba umetengenezwa na mtu mmoja, bei yake dola 15, mwenye uwezo anunue. Sikutegemea akubali, ni biashara yake. Aliandika kwa kalamu nene, akabandika. Dirisha lile linavuja, na msimu huu wa mvua karatasi imelowa mara mbili. Mara zote mbili nimekuta ameiandika upya. Vijana watatu wamekuja mpaka Nyawera kuniuliza dada yangu wa Ubelgiji anafanyaje.

Ukienda kwake, nenda asubuhi, mchana kuna kelele. Beba disiki yako mwenyewe, za kwake ni ghali na hazina uhai mrefu. Mwambie asome namba ya programu mbele yako kabla hujatoa feza, ingawa atafanya hivyo hata usipomwambia. Kama ni PS4, nunua ile kadi ndogo siku hiyo hiyo. Usiiunganishe pley na intaneti hata mtoto akilia. Na michezo yako iliyohifadhiwa mwombe ainakili kwenye flashi kila mwezi, ni faranga 500.

Michezo ya mpira bado naichukua kwake, sitaficha. Wakinifungulia duka lenye jina la nchi yangu na bei ya magauni mawili, nitalipa siku hiyo hiyo.

Septemba 2025 ulitoka mchezo wa Hollow Knight: Silksong, kazi ya watu wachache wa Adelaide, Australia. Umesubiriwa miaka, na bei yake ni dola 20. Siku ulipotoka watu waliukimbilia hadi maduka ya intaneti yakaelemewa. Fundi anayo kopi yake tayari, kijana wangu ameiona kwenye disiki. Ameomba nimlipe kila anapopeleka gauni kwa mteja, faranga 2,000 kwa safari, na anaziweka kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Jana tulizihesabu pamoja. Zimefika dola 11.